Mkulima wa Saa Nane

Kwanza ilikuwa ladha tu.

Feisal alizinduka kwenye mkeka wake barazani, adhana ya alasiri bado, kichwa kizito kama cha mtu yeyote aliyelala mchana juu ya wali na mchuzi wa pweza, akahisi ulimi wake umevishwa kitu. Ulikuwa utando mzito wa utelezi, na chini ya utando ule kulikuwa na ladha ya muhogo uliolowekwa kisha ukasahauliwa, ule ambao hata bata wakiufikia hugeuza shingo. Akatema mchangani. Alichokitema kilikuwa cheupe. Kikakaa pale kikitetemeka kidogo, kama kinafikiri, kisha kikatulia.

"Mke wangu," aliita ndani, "huyu pweza wa leo alikuwa wa lini?"

"Wa leo," Arafa akajibu kutoka uani. "Na kama una neno, sufuria ile pale na jiko lile pale."

Arafa alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwanamke wa miezi saba hajadiliwi upishi wake. Feisal akasukutua, akafukia kile cheupe kwa kidole cha mguu, kisha akaingia ndani kufanya alichokuwa akifanya kila alasiri tangu mradi ulipoleta shajara. Akaketi mezani kuandika uongo.

Haukuwa uongo mkubwa. Ulikuwa wa mstari mmoja kwa siku.

Watu wa kijiji cha Baleni walimwita bwana shamba. Barua yake ya ajira ilikuwa na jina refu zaidi, lenye "ufufuaji" na "uendelevu" ndani yake, lakini kazi ilikuwa moja tu: chonga, yule mende mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi mpaka mnazi ubaki nguzo. Mabuu ya chonga hulelewa ndani ya magogo yaliyooza, meupe, manene kama dole gumba, yamejikunja kama yanajionea aibu. Kazi ya Feisal ilikuwa kuwaambia watu wachome magogo. Kazi ya watu ilikuwa kuitika "sawa, bwana shamba," na kurudi kwenye muhogo wao. Mambo yalikwenda hivyo kwa amani kabisa.

Kisha Mradi wa Minazi Mipya, ambao ofisi yake ilikuwa mjini Kilindoni, ukaleta shajara. Zilikuja ndani ya katoni, jalada la kijani, karatasi nzuri kuliko ya cheti cha ndoa. Kila siku na ukurasa wake, na kila ukurasa umekatwa mistari: saa moja, saa mbili, saa tatu, mpaka saa kumi. Waraka uliofuatana nazo ulimtaka afisa aeleze "shughuli mahususi iliyotekelezwa katika kila saa," na ukaonya kwamba mistari isiachwe wazi. Mratibu, Bwana Mansuri, mtu mnene mwenye tabasamu na mapenzi makubwa kwa mihuri, angezisaini kila Ijumaa.

Feisal alikuwa mtu wa kusoma, na jambo hili lilimchekesha kabla halijamchefua. Babu yake, aliyekuwa mlinzi wa mnara wa taa kule Bweni, naye alikuwa na shajara yake, kwa herufi za Kiarabu, kwenye daftari ambalo mchwa walikuwa wamelisoma zaidi kuliko wajukuu. Babu hakuwa na saa ya mkononi. "Baada ya adhuhuri, meli imepita, bendera siijui." "Kabla ya isha, mvua." Kisha mwezi mzima kimya, kwa kuwa mwezi mzima hakikutokea kitu, na babu hakuona haja ya kumwarifu mtu kwamba hakikutokea kitu. Siku yake ilikuwa sala tano na maji kujaa na kutoka. Jambo likitokea, aliliandika pale lilipoangukia. Shajara ya kijani ilipindua utaratibu. Ilikuja na vyumba vimekwisha kujengwa, milango wazi, ikataka kila chumba kiwe na mtu ndani. Zamani jambo lilikwenda kutafuta kalamu. Sasa saa ilikaa inangoja na mdomo wazi, ilishwe.

Na iliyokuwa na njaa kuliko zote ilikuwa saa nane.

Saa nane mchana Feisal hulala. Baleni nzima hulala, kuku pamoja. Wiki ya kwanza aliandika kweli: "Mapumziko." Shajara ikarudi na wino mwekundu: *Mapumziko si shughuli.* Akaandika "tafakuri ya kitaalamu," ikarudi na alama ya kuuliza. Basi akamzaa Mzee Ukasha.

Alimzaa kwa uangalifu. Jina la mtu aliye hai lisingefaa, mwenyewe angeulizwa. La marehemu lingekuwa utovu wa adabu. Akatunga: Ukasha, mkulima, umri miaka sabini, simu hana. Mahali pa kumweka ndipo alipodhani ameonyesha akili. Alimweka Kivunde, shamba la zamani nyuma ya kijiji, lenye pango la mawe katikati, minazi yake imekatika vichwa, magogo yake yamelala yakiota uyoga. Watu hawalimi Kivunde wala hawaokoti nazi ya Kivunde, na wakipita karibu huteremsha sauti. Mratibu akitaka kwenda kukagua, hapatapatikana mwanakijiji wa kumwonyesha njia. Feisal alilichagua shamba lile kwa sababu ileile iliyowafanya wenziwe waliache, wala hakulifikiria zaidi ya hapo.

"Saa nane: Nilimtembelea Mzee Ukasha, Kivunde. Nilipiga hodi, nikakaribishwa. Tulikagua magogo. Alinikirimu, nikala, nikashiba."

Hodi na chakula havikutakiwa na waraka. Lakini mtu aliyelelewa Mafia hawezi kuandika ziara isiyo na karibu wala kitu cha kutia mdomoni. Ingesomeka kama ugomvi. Bwana Mansuri akasaini. Safari hii wino mwekundu uliandika: *Vizuri!*

Tangu hapo Feisal alimtembelea Mzee Ukasha kila siku ya kazi, amelala chali barazani na kofia usoni. Kila siku akapiga hodi, akala, akashiba. Siku moja, alipoishiwa la kuandika, akaongeza: "Mkulima analalamikia uzee. Anaomba apatiwe kijana wa kumsaidia. Nimeahidi kulifanyia kazi." Maneno hayo ya mwisho hayana uzito maofisini. Watu wa ofisi huyasema kama wengine wasemavyo inshallah, ila bila kumwogopa Mungu.

Ladha ilianza siku ya pili yake.

Siku ya tatu ilikuja na kitu cha kutafuna. Feisal aliamka na kipande kigumu kimekwama kati ya magego. Akakichokoa kwa ukucha, akakiweka kiganjani, akakisogeza kwenye mwanga. Kilikuwa kichwa kidogo cha rangi ya kutu, king'aavu, chenye taya mbili. Alikijua. Alikuwa na bango lake ukutani, limechorwa kubwa, na maelezo chini: *kichwa cha buu la chonga.*

Alikuwa hajala kitu tangu asubuhi, kwa kuogopa pweza. Lakini tumbo lilikuwa limejaa, limekaza kama ngoma, na aliposimama kitu kikabingirika ndani yake polepole, kikatafuta pa kulalia. Alifika nyuma ya choo kwa shida. Kilichotoka hakikuwa na maji. Kilitoka vipande, kimoja kimoja, laini, na kila kimoja kikipita kooni kilijikunja.

"Usinisogelee," Arafa alimwambia alipoingia ndani, ameziba pua kwa ncha ya kanga. "Umekula nini wewe? Mdomo wako unanuka gogo."

"Tumbo tu."

"Tumbo gani linanuka shamba?"

Wiki ile harufu ikahamia nyumbani. Haikuja usiku, wakati watu wanapozitegemea harufu za namna hiyo. Ilikuja mchana kweupe, jua la utosi limekwisha kupinda, kuku wamejificha chini ya ghala. Ikakaa saa moja, ikaondoka. Na siku ya nne ya harufu ile Feisal aliamka akamkuta Arafa amemsimamia, mikono kiunoni, anacheka.

"Una usingizi wewe! Mgeni kaja, nimekutikisa kama mkungu wa ndizi, wapi. Hata ningekumwagia maji."

"Mgeni gani?"

"Mzee wako wa shambani. Kapiga hodi, nikamkaribisha. Nikamwambia ngoja nimwamshe, kasema mwache, hii ndiyo saa yake. Mpole! Kasema umemwendea mara nyingi mno, naye kaona vibaya, lazima naye aje kwako." Akaonyesha pembeni. "Kaleta muhogo."

Pakacha lilikuwa limewekwa kwenye nguzo ya baraza, limesukwa kwa kuti bichi. Feisal alilifungua kwa ncha ya fimbo. Muhogo wa juu ulikuwa na umbo la muhogo. Fimbo ilipougusa ukaporomoka, ukawa uji wa kijivu, na ule uji ukaanza kwenda, huku na huku, kwa kuwa nusu yake haikuwa muhogo.

Arafa aliacha kucheka.

"Alikuwaje?" Feisal aliuliza kwa sauti ndogo. "Sura yake."

"Mzee tu. Ana..." Arafa akakunja uso, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. "Nilikuwa nikimtazama. Nimempa maji akanywa. Lakini sura... Feisal, mbona siipati?"

Feisal angeweza kumweleza, lakini hakuthubutu. Shajara ilikuwa na sehemu ya jina, umri, ukubwa wa shamba na simu. Haikuwa na sehemu ya sura.

"Alisema kitu kingine?"

"Mzaha wa wazee." Mkono wake ukashuka tumboni. "Alilitazama tumbo hili, akasema, huyu kijana atanifaa, bwana shamba ameniahidi. Nikacheka. Mzee wa watu, ningefanyaje?" Sauti yake ilipungua mpaka ikawa pumzi. "Umemwahidi nini, Feisal? Umemwahidi nani mtoto wangu?"

Kesho yake Feisal hakulala. Ilipokaribia saa nane alisimama uani, amejimwagia maji kichwani, amemshika Arafa mkono, na mstari wa saa nane ameuacha mtupu, liwalo na liwe, akajiambia saa hii sitailisha tena. Akasikia kuku wakinyamaza mmoja mmoja, akasikia upepo ukiondoka kwenye makuti kana kwamba kuna mtu ameuomba upishe, na harufu ikaja kutoka njia ya Kivunde, ikapanda baraza, ikapita sebuleni, ikawa nzito kiasi kwamba aliihisi mashavuni kama mvuke wa sufuria, na kutoka ndani, mezani pale, katika nyumba isiyokuwa na mtu, kukasikika sauti ndogo, ya taratibu, yenye bidii, ambayo kila mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini anaijua: kalamu juu ya karatasi. Haikuwa na haraka. Ilifika mwisho wa mstari, ikatua, ikaweka nukta.

Walipoingia, mstari wa saa nane ulikuwa umejaa, kwa mwandiko wa Feisal mwenyewe, na herufi zake zote za kujionyesha. "Mkulima alinitembelea. Tulizungumza habari za mtoto." Ukurasa ulikuwa na utelezi. Alipoufunga, ukatoa sauti ya ulimi unaoachana na kaakaa.

Muadhini wa Baleni, Maalim Shaabani, alikuwa pia fundi wa simu. Kibanda chake kilikuwa mkabala na msikiti, na mtu asingejua kama ameinamia msahafu au simu iliyoanguka baharini mpaka amkaribie. Alimsikiliza Feisal mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Wewe umesoma, ee?" aliuliza hatimaye.

"Kiasi, Maalim."

"Kiasi kibaya hicho. Watu wanaita majini kwa ubani, kwa ngoma, kwa mbuzi mweusi. Wewe umeita kwa kalamu ya mradi." Akapuliza vumbi kwenye betri. "Sikiliza. Mimi kazi yangu ni saa. Siku yetu tunaifunga mafundo matano. Kati ya fundo na fundo tunapita kimya kimya, hatuandiki, hatuhesabu. Unadhani ni uvivu?"

"Niliwahi kudhani hivyo."

"Kuna saa zina wenyewe. Ile ya jua kuvuka utosi mpaka alasiri, ndiyo maana tunalala. Tunawapisha. Wewe unalala, vizuri, umewapisha. Halafu unaandika kwamba ulikuwako. Wapi? Kivunde. Ukapiga hodi. Ukala chakula cha mtu kila siku! Sasa kaja kudai, unanuna?"

"Nikiichoma hiyo shajara?"

"Ukichoma utabaki na majivu, na ziara zako zitakuwa palepale. Umewahi kula ukachoma sahani, chakula kikatoka tumboni?" Akainua macho kwa mara ya kwanza, na Feisal akaona kwamba yule bwana alikuwa anaogopa. "Uandike kweli juu ya kila uongo. Ukamsomee hukohuko, saa ileile. Na kila aliyemwandika amfute. Kila aliyemwandika, bwana shamba. Yuko mwingine?"

Feisal akakumbuka saini za wino mwekundu.

Ofisini Kilindoni, Bwana Mansuri alimkaribisha kwa tabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limefungwa midomo. Mezani kulikuwa na karatasi za pipi za mnanaa, chungu nzima. Feisal alieleza haja yake: afute ziara zote za Mzee Ukasha, mratibu asaini kwamba zimefutwa.

"Haiwezekani," alisema Bwana Mansuri. "Ukasha amekwisha kwenda mkoani."

"Amekwenda vipi?"

"Kwenye taarifa ya robo mwaka. Ni mkulima wetu wa mfano. Ana picha."

"Picha ya nani, bwana mratibu?"

"Ya mtu mwingine. Kwa mgongo." Akafungua pipi nyingine. "Na mimi mwenyewe nimeandika kwamba nilikwenda kumkagua. Saa nane mchana, kama ulivyoandika wewe. Nilimkuta, tukazungumza, akanikirimu."

"Wewe saa nane huwa wapi?"

Bwana Mansuri aligeukia kapu la taka, akatema humo, akafunika haraka kwa karatasi. Lakini karatasi ilisogea, na wote wawili wakaitazama ikisogea.

"Nawe unaipata ile ladha," Feisal alinong'ona.

"Sijui unazungumzia nini."

"Nina mke mjamzito, bwana mratibu. Anamtaka mwanangu. Andika kweli, mstari mmoja tu."

"Kijana, huwezi kumfuta mkulima aliyekwisha kusomwa mkoani. Ataleta maswali." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akasukuma pakiti juu ya meza. "Chukua pipi. Zinasaidia kidogo."

Feisal alifanya peke yake lile lililokuwa mikononi mwake. Alipitia shajara yote, na juu ya kila saa nane akapiga mstari, akaandika neno moja: *Nililala.* Kisha, jua lilipovuka utosi, akaenda Kivunde na Maalim Shaabani, kila mmoja akimwomba mwenziwe atangulie.

Magogo yalikuwa mengi kuliko alivyokumbuka, na yalikuwa laini hata kwa kuyatazama. Maalim alisimama mwisho wa njia, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ileile ya mnarani, ila sasa ilikuwa na mtetemo. Feisal akafungua ukurasa wa kwanza.

"Saa nane, Jumatatu," alisoma. "Nililala."

Gogo lililokuwa mbele ya pango likakaa.

Halikuinuka kama mnyama. Lilikaa kitako kama mzee anayeamka kwenye kitanda cha kamba, kwa mikono, kwa kukohoa. Lilikuwa limevaa msuli. Lilikuwa na mabega na shingo, na juu ya shingo, mahali pa uso ambao hakuna aliyekuwa ameuandika, palikuwa na makumbi ya nazi yaliyochanika, na katikati ya makumbi yale matundu matatu, kama macho ya nazi iliyofuliwa, laini, na kutoka tundu la chini kitu cheupe kikachungulia, kikarudi ndani.

"Karibu, bwana shamba," lilisema. "Mbona leo hukupiga hodi?"

"Saa nane, Jumanne. Nililala. Saa nane, Jumatano. Nililala. Sikuja hapa. Sikukagua kitu. Sikukaribishwa."

"Na chakula changu?"

Sauti haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya, ilikuwa sauti ya mwenye nyumba aliyesikitishwa na mgeni wake, ya mtu aliyetoa akiba yake ya mwisho akaambiwa hakutoa, na Feisal alipofungua kinywa kusema sikula, lile neno halikupata njia, kwa kuwa kilichokuwa chini yake kilikuwa kimeamka chote kwa pamoja na kinapanda, ziara zote, karamu zote, kila "nikashiba" aliyoiandika kwa mwandiko mzuri na kusainiwa, ikaja kooni, ikajaza mashavu, akapiga magoti na kuachia, na vikatoka, vyeupe, vinene, vyenye vichwa vya kutu, vingine vizima na vingine nusu vimetafunwa kwa meno yake mwenyewe, vikaanguka kwenye majani makavu na bila kupotea njia vikaanza kutambaa kumrudia mwenyewe, vikimpanda miguuni, vikiingia kwenye mapaja laini ya yule mzee kama watoto wanaorudi nyumbani magharibi, na bado vikaja, mpaka Feisal akahisi utumbo wenyewe umegeuka nje, mpaka ikabaki nyongo, mpaka hata nyongo ikaisha.

"Sikula," alisema, kamasi na machozi vikimchuruzika. "Nilikuwa nimelala. Sikumwahidi mtu kitu."

Yule mzee alimtazama kwa matundu yote matatu, muda mrefu. Kisha akajilaza chali, taratibu, akishikilia kiuno, na alipofika chini alikuwa gogo, na gogo likabonyea katikati kama mkate uliotoka motoni mapema.

Kutoka kijijini kuku akawika. Maalim Shaabani alikuwa amekaa chini, kofia mkononi.

"Kwa upande wako imetosha," alisema. "Na yule mwingine?"

"Hataki."

Maalim akavaa kofia yake. Walirudi wameteremsha sauti hata ya miguu.

Barua ilikuja baada ya wiki chache, yenye mihuri. Ilimwachisha kazi Feisal kwa "kulala mfululizo katika saa za kazi, kama alivyokiri mwenyewe kwa maandishi." Aliisoma kwa sauti barazani, na Arafa akacheka mpaka akashika tumbo. Nyumba ilikuwa inanuka samaki na moshi tu. Ulimi wa Feisal ulikuwa ulimi. Alilima muhogo, akalala saa nane, wala hakuandika kitu chochote, na katika kuoga na kula na kusali hakikutokea kitu cha kumwarifu mtu, kama katika daftari la babu.

Arafa alishikwa na uchungu usiku, akafikishwa kwenye zahanati ndogo ya barabarani, kwa nesi Safia. Mtoto alizaliwa alfajiri. Feisal alikuwa nje ya mlango, na hakuna aliyehitaji kumwambia saa: Maalim Shaabani alikuwa ndio kwanza anasema sala ni bora kuliko usingizi, sauti ikija kwa mbali, na kilio cha mtoto kikaingia katikati ya maneno hayo. Mwanamume. Alimwona, akamwadhinia sikioni, akambusu Arafa kipaji. Kisha akaenda nyumbani kupika uji, kufua, kuwaarifu ndugu, na furaha ikamchukua hadi mkekani, akapitiwa na usingizi. Alirudi zahanati adhana ya alasiri ikitoka.

Arafa alikuwa amesinzia, mtoto pembeni yake ndani ya kanga. Kadi ilikuwa mezani. Feisal aliisoma akitabasamu, jina la mama, jina la baba, uzito. Saa ya kuzaliwa: saa nane mchana.

Alimfuata nesi Safia ukumbini.

"Nesi, hapa pana makosa. Huyu kazaliwa alfajiri."

Safia alitazama kulia na kushoto. "Shh. Nisamehe, kaka. Nilikuwa zamu tangu jana, mtoto alipotoka nikajilaza kidogo, mstari wa saa nikauacha. Mchana wakaguzi wanapita kukagua madaftari, hawataki pakutwe wazi. Nikasahau ilikuwa saa ngapi hasa, na babu yake yuko pale, nikamuuliza. Kasema saa nane. Nikaandika."

"Babu yake nani?"

"Babu wa mtoto. Kaja mchana wewe hupo. Kapiga hodi vizuri, nikamkaribisha. Kambeba kidogo mjukuu wake, kamlisha kitu kwa kidole, si ndivyo wazee wanavyofanya, asali au tende. Mpole! Sura yake..." Safia alikunja uso, akatafuta, akaacha. "Kasema wanamjua mpaka mkoani. Na kasema nikupe shukrani zake, bwana shamba. Kasema umelifanyia kazi."

Feisal hakukumbuka alivyorudi chumbani. Dirisha lilikuwa wazi na upepo haukuwapo. Aliinama juu ya kanga. Mtoto alipiga mwayo, na ndani ya kinywa kile kidogo ulimi ulikuwa umefunikwa utando mweupe.

"Maziwa tu hayo," Feisal alinong'ona. "Maziwa tu."

Arafa alifumbua macho.

"Hajanyonya bado," alisema kwa usingizi. "Kila nikimpa ziwa anageuza uso, kama mtu aliyekwisha kushiba."